Molekuli Iliyochelewa Kunyooka

4 Februari

Dada yangu,

Nimepata kazi. Nilitaka kuanza kwa salamu kama watu wenye adabu, lakini habari imenitoka kabla ya salamu, unisamehe. Hujambo? Mama hajambo, anakusalimia, anasema ule unenepe.

Kazi yenyewe ni katika maabara yako ya zamani. Ndiyo, hiyo hiyo. Walitangaza kwamba wanatafuta mtu aliyemaliza shule wa kuosha vyombo vya kioo mpaka matokeo ya mtihani yatoke. Niliomba bila kumwambia mtu, ili nikikataliwa nikataliwe peke yangu. Jana wamenipa koti jeupe. Linanifika chini ya magoti na mikono yake naikunja ndipo nione vidole.

Leo nimeshtuka mpaka nimedondosha brashi. Kuna mtafiti mmoja hapa, kijana, wanamwita Redio kwa sababu hanyamazi. Aliniita akaniambia, "Njoo uone kitu, halafu uniambie kama shule mlifundishwa." Aliweka juu ya kioo ukanda mwembamba wa rangi ya chungwa, laini kama ganda la kitunguu. Akaumulika kwa taa ndogo ya urujuanimno, wenyewe wanaiita UV. Dada, ule ukanda uliinua kichwa. Hakuna aliyeugusa, hakuna upepo, hakuna uzi. Uliinuka ukajikunja kuelekea taa kama mtu aliyeitwa jina lake. Mimi nikaruka nyuma nikagonga sinki.

"Usiogope, hauumi," akasema Redio. "Na wewe una sauti kweli, au nikutafutie taa?"

Watu wakacheka. Mimi nikaokota brashi nikarudi kuosha. Tangu leo wananiita Kimya.

Nilitega masikio nisikie wakikutaja, lakini hakuna aliyekutaja. Nadhani wana kazi nyingi. Je, niwaambie mimi ni mdogo wako? Majina yetu ya baba ni tofauti, wenyewe hawawezi kujua.

Nakuandikia kwa sababu unanijua, kwenye simu maneno hunikauka mdomoni.

Mdogo wako.


11 Februari

Mdogo wangu,

Sijambo. Ungeniambia kwanza kabla ya kuomba kazi hapo. Lakini limekwisha kuwa.

Usiwaambie kwamba wewe ni mdogo wangu. Sina sababu kubwa. Nataka wakupende kwa kazi yako mwenyewe, wasiseme umebebwa. Tumeelewana? Hata wakikuuliza una ndugu wangapi, sema tu mko wengi.

Huku niliko kazi ni nzuri. Mahali ni pakubwa, tunashughulika na vioo na mwanga, nasimama kutwa miguu inavimba. Mwambie mama nakula.

Vaa glavu. Asetoni ya kusuuzia vyombo isikuguse mara kwa mara, itakukausha ngozi. Taa ya urujuanimno usiitazame hata kwa mzaha.

Dada yako.


2 Machi

Dada yangu,

Sijawaambia. Nimefurahi kusikia na wewe unashughulika na mwanga. Nikiwa naosha chupa nafikiria kwamba tunafanya kazi moja, wewe juu na mimi chini.

Sasa naelewa kidogo. Juzi Redio aliniruhusu nisimame karibu anapotengeneza. Kulikuwa na chupa ndani ya barafu, na alikuwa akidondosha tone, anasubiri, anadondosha tone. Kimiminika kilikuwa hakina rangi kabisa. Halafu, kama mtu aliyepasha moto hasira zake muda mrefu, kikageuka chungwa chote kwa mkupuo. Nikashika mdomo. Redio akasema hapo ndipo atomu mbili za nitrojeni zimeshikana mikono katikati ya molekuli. Ndiyo maana ulipokuja likizo vidole vyako vilikuwa na rangi, na mama akadhani ni viungo vya mchuzi.

Alinieleza hivi: molekuli zenyewe ni ndefu, zimewekewa mikia pande mbili ili zipende kulala pamoja. Wanaziita fuwele kimiminika. Zinamiminika kama mafuta mazito lakini zimejipanga kama sisi mstarini asubuhi shuleni. Ukizimulika, kila moja inajikunja katikati kama mwanafunzi aliyeinama kufunga kamba ya kiatu, na mstari mzima unavurugika. Ukizima taa zinanyooka tena. Molekuli ni ndogo kuliko kitu chochote nilichowahi kufikiria, lakini zikiinama zote pamoja zinainua ukanda ninaouona kwa macho. Usiku nikilala bado nalifikiria hilo.

Nimejifunza na desturi yao. Kabla ya kupima usafi wa kitu, wanakilaza. Yaani wanakifunga kwenye foili, wanakiweka kabatini mpaka asubuhi, ili molekuli zote zinyooke. Halafu katika chumba cha taa nyekundu wanaweka tone kwenye kibati chenye unga mweupe, wanakisimamisha ndani ya kiyeyusho kidogo, kiyeyusho kinapanda na tone linapanda nalo. Kitu safi kinatoa doa moja. Kichafu kinatoa mawili au zaidi. Profesa anasema, "Kisicholala hakipimwi." Unamjua. Akipita kwenye korido hata mabomba yanaacha kudondosha.

Tatizo langu ni moja tu: naogopa kuuliza. Nikipewa kitu nisichojua kinamwagwa wapi, nakiweka juu ya oveni ya kukaushia vyombo, nikisubiri siku nitakayopata ujasiri. Sasa nina mstari mzima huko juu. Kuna faneli yenye ufa, kuna mfuko wa chumvi usio na jina, na wiki iliyopita kimeongezeka kichupa kilichofungwa foili. Hicho Redio alinipa akasema, "Tupa. Ni cha Madoa Mawili."

Nikathubutu kuuliza ni nani. Dada, utacheka. Anasema alikuwepo dada mmoja hapa, hodari kwa maneno, aliyesema ametengeneza molekuli inayojikunja kuliko zote. Usiku wa kuamkia siku ya kuionyesha kwa wageni, Profesa akataka ipimwe tena. Wakailaza, asubuhi wakapima, yakatoka madoa mawili. Kumbe ni uchafu mtupu. Hata ukanda alioutengeneza ulijikunja ukabaki hivyo hivyo, umeharibika. Wanasema kile kibati cha doa moja alichowaonyesha mwanzo alikipima kwa dawa safi ya dukani. Profesa akamwambia palepale mbele ya wote, "Umetuuzia uchafu," na huyo dada akavua koti akaondoka. Siku hizi mtu akivunja chupa wanamwambia, "Angalia usije ukawa Madoa Mawili."

Nilicheka nao. Je, ulimkuta? Au alikuja baada yako?

Mdogo wako.


10 Machi

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako.

Usicheke mtu usiyemjua.

Dawa zisizo na jina usiziweke juu ya oveni, ni hatari. Uliza. Kuuliza hakuui.

Msalimie mama.

Dada yako.


19 Machi

Dada,

Leo wakati wa chai Redio alikuwa akimwigiza Madoa Mawili. Alichukua chupa tupu, akaikumbatia kifuani, akaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba, akasema kwa sauti nyembamba, "Tulia, mama, tulia. Nani amekuudhi?"

Wote wakaangua kicheko.

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Namjua mtu mmoja tu duniani anayesema hivyo kwa vyombo. Anasema hivyo kwa sufuria ya maziwa ikitaka kufurika, na kwa pasi, na aliwahi kusema hivyo kwa baiskeli yangu.

Chai ilinimwagikia mkononi na sikuhisi. Redio akasema, "Kimya, umeungua, mbona hulii?"

Ni wewe?

Kama si wewe niandikie haraka. Kama ni wewe, sijui uniandikie nini.


27 Machi

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Mkono unaendeleaje? Umwagie maji ya baridi, usipake kitu kingine.

Siko kwenye maabara yoyote. Niko kwenye duka la miwani. Nakata vioo, nakaza skrubu, nawauliza wazee kama wanaona herufi ya chini. Sikudanganya niliposema vioo na mwanga, ila nilijua wewe na mama mtaelewa nini, na niliacha muelewe hivyo. Mama alikuwa ameshawaambia majirani wote binti yake ni mtafiti. Ningeanzia wapi?

Utataka kujua kama nilifanya hayo wanayosema. Sikununua dawa ya dukani. Kibati cha kwanza kilikuwa cha kitu changu, chenye doa moja. Nilikipima mwenyewe chini ya taa nyekundu na nilifurahi mpaka nikacheza. Lakini na yale mawili niliyaona kwa macho haya. Kibati hakina chuki na mtu. Kwa hiyo mahali fulani nilikosea. Labda chupa haikuoshwa vizuri, labda kiliharibika chenyewe. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, na sijapata jibu. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya jina walilonipa. Wakisema mimi ni mwongo najua si kweli. Wakisema sijui kazi, hapo sina uhakika.

Usiache kazi kwa ajili yangu. Usigombane na Redio, angalau ananiigiza vizuri. Na tafadhali, mama asijue.

Dada yako.


21 Aprili

Dada yangu,

Nimekaa muda bila kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na sijazoea, nikawa sijui hasira inaandikwaje. Kila nikiosha chupa nilikuwa nasugua kama naosha uso wa mtu.

Lakini leo si hasira. Leo ni jambo jingine. Soma taratibu, kwa sababu naandika bila utaratibu.

Redio amekuwa akinifundisha kupima kwenye vibati, maana vyombo vikiisha nakaa tu. Nimeshika haraka, hata yeye kasema. Leo mchana waliingia kwenye mkutano, nikabaki peke yangu. Nikakumbuka kichupa chako. Nilikuwa sijakitupa, na tangu nilipojua ni chako sikuweza hata kukisogeza. Nilitaka kuyaona. Nilitaka kuyaona hayo madoa yaliyokuvua koti.

Nilipanda kwenye stuli nikakitoa juu ya oveni. Kilikuwa cha moto, nikakishika kwa pindo la koti. Nikaingia chumba chekundu, nikafungua foili humo humo, nikachovya, nikaweka tone, nikasubiri.

Doa moja, dada.

Nikadhani nimekosea kibati. Nikaweka kingine. Moja. Nikaweka cha tatu, tone kubwa kupita kiasi, ili kama uchafu upo ujionyeshe. Moja, duara, la chungwa, kama yai la ndege.

Nilikaa chini sakafuni. Walivyorudi kutoka mkutanoni Redio alinikuta humo akaniuliza kama nimevuta kiyeyusho. Nikasema hapana. Sikusema kingine. Vibati nimevificha kwenye soksi.

Uchafu unaweza kuondoka wenyewe ndani ya kichupa kilichofungwa? Niambie haraka.

Mdogo wako.


28 Aprili

Mdogo wangu,

Uchafu hauondoki wenyewe. Umechanganya vichupa, au umesoma vibaya, au unanipenda sana na macho yako yanakusaidia kunipenda. Kiweke chini. Usicheze na jambo hili, tayari nimelizika.

Hayo niliandika jana. Leo asubuhi nilikuwa nakunja fremu ya plastiki. Fremu hizi huwezi kuzikunja zikiwa baridi, zinakatika. Lazima uzitie kwenye joto kwanza, ndipo zinalegea na kukubali. Nikiwa nimeishika ile fremu, nikasimama kama nguzo. Mteja alikuwa ananiita, "Dada, dada," nami simsikii.

Umesema kilikuwa cha moto.

Sikiliza. Molekuli iliyokunjwa na iliyonyooka ni kitu kile kile, lakini kwenye kibati hazipandi sawa. Nusu zikiwa zimejikunja, utaona madoa mawili hata kama kitu ni safi kama maji ya mvua. Hilo kila mtu hapo analijua, ndiyo maana wanalaza. Ila wanalaza mpaka asubuhi tu, kwa sababu molekuli zote walizowahi kutengeneza hunyooka kabla ya asubuhi. Hakuna aliyewahi kujiuliza: je, ikija moja isiyonyooka kabla ya asubuhi? Je, kama yangu inabaki imejikunja kwa wiki, kwa miezi?

Nilipoipima mwanzo ilikuwa haijaona mwanga, ikatoa doa moja. Halafu kichupa kikakaa mezani kwangu karibu na dirisha, nikijivunia rangi yake. Ndipo wakailaza, na ikawa haijalala. Na ule ukanda waliosema umeharibika haukuharibika. Ulikuwa bado unakumbuka taa.

Joto ndilo linaloziharakisha kunyooka. Wewe umekiweka kwenye joto muda wote huo kwa sababu unaogopa kuuliza.

Nimeshtuka, mdogo wangu. Sijui hata kama nimefurahi. Waliponiambia ni uchafu nikakubali, na mimi ndiye niliyeitengeneza.

Usiniamini bado. Weka kichupa dirishani kutwa. Kilaze mpaka asubuhi kama desturi. Pima: yatakuwa mawili. Kirudishe kwenye joto siku chache, gizani. Pima: litakuwa moja. Uchafu hauji na kuondoka hivyo. Lakini usifanye kwa kujificha. Fanya mbele ya Profesa.

Najua nakuomba nini. Ukishindwa, sitakulaumu, nimeshazoea duka.

Dada yako.


18 Mei

Dada yangu,

Barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka imelegea. Kila Jumatatu wanakaa mezani kila mtu aseme anafanya nini. Mimi hukaa pembeni na sinia la vikombe. Jumatatu ya kwanza nilisimama, Profesa akanitazama, nikasema, "Sukari imekwisha," nikakaa. Niliporudi nyumbani nililia.

Jumatatu iliyofuata nilisimama tena. Redio akasema, "Ipo sukari, Kimya, mimi nimeleta." Nikasema, "Si sukari." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikasema kile kichupa cha Madoa Mawili sikukitupa, na kina doa moja.

Kila mwenye kikombe akakiweka chini.

Profesa akasema, "Nani amekuruhusu kugusa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Rudia ulichosema." Nikarudia. Nikaeleza joto, nikaeleza kulaza, yote kama ulivyoniandikia, huku nikitazama kifungo cha koti lake maana uso wake nisingeuweza. Nikamaliza. Profesa akasukuma kiti nyuma. Alitoka nje, tukamsikia anatembea kwenye korido, anakwenda, anarudi. Alipoingia akasema, "Nitafanya mwenyewe. Mtu asiniguse mkono."

Amefanya mwenyewe. Dirishani, kabatini, kibati: mawili. Oveni, siku zikapita, hakuna aliyeongea juu ya jambo lingine. Jana akaingia chumba chekundu, wote tukiwa mlangoni tumebanana. Alipotoka alikuwa ameshika kibati kwa vidole viwili kana kwamba kinaunguza. Doa moja. Halafu akamwambia Redio alete ule ukanda uliojikunja, walikuwa wameuhifadhi kwenye droo ya vitu vya kuchekea. Akauweka kwenye kioo cha moto. Tukatazama. Ukaanza kujifungua, taratibu, mpaka ukalala chali umenyooka.

Redio akakaa chini. Profesa akavua miwani, akaniuliza, "Haya umeyajuaje wewe?"

Nikasema, "Ni dada yangu."

Nilifikiri nitaona aibu, sikuona. Redio alikuwa mweupe kama unga. Mtu akasema Redio imezimika, hakuna aliyecheka, hata aliyesema.

Baadaye Profesa aliniita ofisini akafunga mlango. Anaomba urudi. Anasema nikwambie. Amesema hivyo akitazama dirisha.

Rudi, dada.

Mdogo wako.


22 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma ulivyosimama nikalazimika kuingia stoo ya duka, bosi akadhani naumwa. Asante. Umefanya jambo ambalo mimi sikuweza kulifanya kwa ajili yangu mwenyewe.

Lakini sirudi hivyo. Siku ile hakuniita ofisini wala hakufunga mlango. Aliniambia mbele ya wote, wageni wamekaa, na Redio ameshika sinia la biskuti. Sasa ananiita kwa mlango uliofungwa, kupitia kwa mtoto. Alichonitupia hadharani anirudishie hadharani.

Mwambie hivyo hivyo. Ukishindwa kusema, msomee.

Dada yako.


1 Juni

Dada yangu,

Nimemsomea. Mezani, jana Jumatatu, mbele ya wote. Nilipofika kwenye "Redio ameshika sinia la biskuti," Redio akainamisha kichwa mpaka paji likagusa meza.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Dada yako yuko duka gani?" Nikamwambia. Akachukua mkoba, hata koti la maabara hakuvua, akatoka. Mpaka tunafunga hakuwa amerudi, na leo hakuja. Leo palikuwa na kikao kingine, na alitakiwa akiongoze yeye. Hakuna anayejua aliko.

Nimeogopa. Je, nimeharibu?

Mdogo wako.


4 Juni

Mdogo wangu,

Hujaharibu.

Juzi duka lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimeinama nakaza skrubu ya miwani ya bibi mmoja, nikasikia mwenzangu anasema, "Mama, karibu, unapima macho?" Na sauti ninayoijua ikajibu, "Hapana, nasubiri zamu yangu." Nikainua kichwa. Alikuwa kwenye foleni, nyuma ya mzee na mtoto wake, na koti jeupe lina doa la chungwa mfukoni. Alikuwa amesafiri nalo hivyo hivyo kwenye basi. Skrubu ilinianguka, sijaiona mpaka leo.

Hakupita mbele ya mtu. Zamu yake ilipofika alisimama kaunta, lakini hakuongea na mimi, aligeuka akaongea na watu. "Samahanini, nawachelewesha. Huyu binti alikuwa anafanya kazi kwangu. Nilimwita mwongo mbele ya watu, na hakuwa mwongo. Alitengeneza kitu kizuri kuliko nilivyojua kukipima."

Watu wakatazamana. Bibi wa miwani akasema, "Kwani alitengeneza nini?" Ikabidi Profesa aeleze. Pale pale dukani, mama wa watu anaeleza mwanga na molekuli, anakunja kidole, anakinyoosha. Mzee wa foleni akafikiri, akasema, "Kwa hiyo kitu kilikuwa hakijaamka sawasawa, nyie mkakiita kichafu?" Profesa akasema, "Ndiyo." Mzee akasema, "Mna haraka nyie." Profesa akasema tena, "Ndiyo."

Nilikuwa na maneno niliyomwandalia muda mrefu. Nilikuwa nayafanyia mazoezi nikisafisha vioo, makali, yamepangwa vizuri. Hata moja halikuja. Nilisimama tu na bisibisi mkononi.

Akaniuliza kama nitarudi. Nikamwambia nina swali moja kwanza. Nikamuuliza, "Siku nikikosea kweli, maana nitakosea, utafanyaje?"

Aliweka mkoba wake juu ya kaunta. Bibi naye alikuwa anasubiri jibu, ameshika miwani yake isiyo na skrubu.

Kisha akasema, "Nitakuuliza wewe kwanza."

Bosi nimemuaga. Mama nimempigia simu nimemweleza yote tangu mwanzo, akasema hataongea na mimi wiki nzima kwa kumficha, na nije na nguo za kufua. Jumatatu nitakuwa mezani pamoja na ninyi.

Dada yako.